Neno "Free" na Maana Zake: Huru, Huria, Bure na Mikono Mitupu

Utangulizi

Katika maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa siasa hukutana nayo kila siku, ni machache yanayotumika sana na kufafanuliwa kidogo kama neno "free". Limo katika mikataba ya biashara na katika hotuba za mabalozi. Limo katika maandishi ya Marx na katika maandishi ya wapinzani wake. Limo hata juu ya boksi la sabuni linalouzwa dukani. Na kwa kuwa ni neno fupi linaloonekana jepesi, wengi wetu tukilikuta hatufungui kamusi. Tunaandika "huru", kisha tunaendelea na sentensi inayofuata.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kiingereza kimefunga ndani ya neno hili moja mambo ambayo Kiswahili kimeyapa majina mbalimbali: kuwa huru, kuwa huria, kuwa bure, kuwa wazi, kuwa na nafasi, na kuwa mtupu. Mambo haya si ndugu wa tumbo moja, na mengine ni maadui. Mtu anaweza kuwa huru kisheria na papo hapo mikono yake ikawa mitupu. Kitu kinaweza kutolewa bure na papo hapo kikamfunga aliyekipokea. Anayetafsiri bila kuuliza ni maana ipi iliyokusudiwa anaweza kuandika Kiswahili fasaha chenye siasa ya kupotosha.

Makala hii inakusudia kuzichambua maana hizo, kueleza zilitoka wapi, na kuonyesha jinsi zilivyotumiwa katika historia ya watu wetu na ya watu wengine.

Maana za kila siku

Tuanze na matumizi ya kawaida, yasiyo na ugomvi. Mwingereza akimwuliza mwenzake kama yuko "free" kesho jioni, anataka kujua kama ana nafasi. Akisema kiti ni "free", maana yake kiti hicho hakina mtu. Akisema tafsiri fulani ni "free", ana maana kwamba mfasiri amefuata maana bila kufuata neno kwa neno. Akisema mtu ni "free" na fedha zake, anamsifu kwa ukarimu, au anamlaumu kwa kutapanya. Neno hili likiwekwa nyuma ya jina jingine, huonyesha kukosekana kwa kitu: chakula kisicho na sukari, bidhaa isiyotozwa ushuru, eneo lisilo na moshi. Hapo Kiswahili hutumia "bila" au "-sio na", na hakuna anayefikiri kwamba sukari imepata uhuru.

Mpira wa miguu nao una funzo lake. Waingereza wanaita "free kick" kile ambacho watangazaji wetu wanakiita mpira wa adhabu. Tendo ni moja, lakini wao wamelitazama kutoka upande wa mpigaji, ambaye haruhusiwi kuzuiwa. Sisi tumelitazama kutoka upande wa aliyecheza rafu, ambaye anaadhibiwa. Majina yote mawili ni ya kweli. Kila jina linaonyesha upande mmoja na kuficha wa pili. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu katika uchumi na siasa mambo ni hayo hayo: anayeliita tendo "free" mara nyingi ndiye mpigaji.

Kisarufi pia neno hili lina milango miwili. Mtu huwa "free" kutokana na kitu, yaani kitu hicho hakimsumbui tena: njaa, deni, bwana. Na mtu huwa "free" kufanya kitu, yaani njia iko wazi mbele yake. Kiingereza kinaruhusu neno lisimame peke yake bila kutaja mlango wowote kati ya hiyo miwili. Likisimama hivyo, msikilizaji hulijaza kwa tamaa yake mwenyewe. Mfanyabiashara husikia kuondolewa kwa ushuru, mkulima husikia kuondolewa kwa dhiki, na wote wawili hupiga makofi.

Asili ya neno

Wataalamu wa historia ya lugha wanatueleza kwamba neno "free" limetokana na shina la kale lililokuwa na maana ya kupenda, na kwamba neno la Kiingereza la rafiki limetoka katika shina hilo hilo. Upendo umeingiaje katika habari ya uhuru? Jibu limo katika muundo wa jamii ya wakati ule. Ndani ya nyumba ya mkuu waliishi watu wa aina mbili: wapendwa, yaani watu wa damu na ukoo, na watumwa. Neno la wapendwa likawa ndilo neno la wasio watumwa. Kwa hiyo tangu mwanzo wake "free" halikuwa jina la hali ya binadamu wote. Lilikuwa jina la tabaka.

Tusicheke, maana pwani yetu ilifanya vivyo hivyo. Mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Baadaye neno hilo likaja kuwa na maana ya mtu mwenye adabu na tabia njema, kana kwamba adabu ilikuwa mali ya waliozaliwa upande mmoja tu wa ua. Neno hilo lilisafiri na misafara ya biashara hadi mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili chenyewe kilikuja kuitwa Kingwana. Leo tunamwita mtu mwungwana bila kuwaza habari ya utumwa, na Mwingereza naye hutumia neno lake bila kumkumbuka bwana wa nyumba. Lakini chimbuko linatufundisha jambo: neno la uhuru huzaliwa pale ambapo kuna mtu asiye huru.

"Huru" na "huria" yote mawili tumeyapata kutoka Kiarabu, ambako neno la pili ndilo lenye maana ya uhuru wenyewe. Kiswahili kikayagawia kazi. "Huru" ni sifa ya mtu au taifa lisilotawaliwa na mwingine. "Huria" imekuwa sifa ya jambo lisilowekewa mipaka au masharti mengi, jambo ambalo anayetaka huliingia. Ndiyo maana tunasema taifa huru, lakini tunasema Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafundisha watu mahali walipo. Na ndiyo maana tunasema soko huria. Mgawanyo huu ni hazina. Kiingereza hakina mgawanyo wa wazi namna hiyo, kwani soko na taifa vyote kwake ni "free".

Mfanyakazi "free": uhuru wa pande mbili

Tuje kwenye kiini cha somo. Katika juzuu ya kwanza ya Capital, iliyotoka mwaka 1867, Marx anaeleza kwamba ubepari hauwezi kuanza mpaka mwenye fedha amkute sokoni mfanyakazi ambaye ni "free" kwa maana mbili. Kwanza, mfanyakazi huyo si mali ya mtu. Yeye ndiye mwenye nguvukazi yake, na anaweza kumwuzia amtakaye. Pili, hana kingine cha kuuza. Hana shamba, hana zana, hana akiba; ameondolewa nyenzo zote ambazo zingemwezesha kuishi kwa kujitegemea. Ni "free" kama ndege, na ni "free" kama ghala lililofagiliwa.

Katika Kijerumani, lugha aliyoandikia Marx, na katika Kiingereza pia, neno moja linabeba pande zote mbili, na kejeli ya hoja inasikika mara moja. Katika Kiswahili kejeli hiyo hupotea. Mwanafunzi akiandika tu "mfanyakazi huru", nusu ya hoja imemwagika, tena nusu iliyo kali zaidi. Sisi tunapendekeza tafsiri iseme mambo yote mawili waziwazi: mfanyakazi aliye huru na mwenye mikono mitupu. Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, lakini hayadanganyi.

Historia ya Uingereza yenyewe inathibitisha maelezo hayo. Kwa karne kadhaa wakulima wadogo waliondolewa katika ardhi za pamoja, ardhi zikazungushiwa ua, kondoo wakachukua nafasi ya watu. Waliofukuzwa hawakuwa tena na bwana wa kuwashurutisha. Walikuwa na tumbo la kuwashurutisha, na sheria kali dhidi ya wazururaji ziliwangoja barabarani.

Mfano wa Unguja

Hatuhitaji kwenda Uingereza kuliona jambo hili. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kushinikizwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1897, Unguja na Pemba zikiwa chini ya himaya ya Uingereza, ilitolewa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Watu wengi huisoma habari hii na kuishia hapo. Lakini amri ile yafaa isomwe kwa makini.

Mtumwa hakuwa huru kwa kutolewa amri tu. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Mwenye watumwa ndiye aliyekuwa na haki ya kulipwa fidia, wala si aliyetumikishwa. Masuria waliwekwa kando, na iliwapasa kungoja hadi mwaka 1909. Na yule aliyefanikiwa kupata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu. Akishindwa, angehesabiwa kuwa mzururaji.

Sasa tujiulize: mtu aliyetoka utumwani asubuhi ile angepata wapi makazi na njia ya kujikimu? Mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa wenyewe. Njia ilikuwa moja: kufanya mapatano na mwenye shamba, mara nyingi yule yule bwana wa jana, ili aruhusiwe kuishi na kulima kipande cha ardhi kwa malipo ya kupalilia na kuchuma karafuu. Kisheria alikuwa huru, na mikono yake ilikuwa mitupu. Maana zote mbili za "free" zilikutana ndani ya mtu mmoja.

Makoloni ya Waingereza ya Visiwa vya Karibi yalitangulia kupita njia hiyo. Sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa iliwatengea wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Badala yake wengi waliwekwa katika kipindi cha mpito cha kuwatumikia mabwana wale wale hadi mwaka 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizwa kulipwa na hazina ya Uingereza mwaka 2015. Maana yake ni kwamba wajukuu na vitukuu wa watumwa wale, waliohamia Uingereza na kulipa kodi huko, walichangia kuwalipa fidia wamiliki wa mababu zao.

Hapa kuna funzo la sarufi pia. Kitenzi cha Kiingereza cha kumfanya mtu awe "free" hakijali nani ametenda. Kiswahili kinajali. Kuachwa huru ni tendo la bwana. Kukomboa ni kulipa gharama ili kitu kitoke mikononi mwa mwingine, kama tunavyokomboa rehani. Kujikomboa ni tendo la mtu mwenyewe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi yake mwaka 1994, ilichagua neno lake kwa haki. Uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika ulikuwa na gharama, na walioulipia ni watu wenyewe.

Kibarua, kipande na manamba

Wakoloni waliutumia msamiati wa "free labour" kwa fahari kubwa. Walidai kwamba wao, tofauti na mabwana wa zamani, hawamiliki mtu. Wanamwajiri kwa hiari yake. Hiari hiyo ilitengenezwa. Huku kwetu Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza kodi baada yao. Kodi ilidaiwa kwa fedha. Ambaye eneo lake halikuwa na zao la kuuza alilazimika kuondoka nyumbani kwenda kuzitafuta fedha hizo kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro.

Na wafanyakazi wenyewe waliiitaje hali hiyo? Hawakujiita watu huru. Walijiita vibarua, kutokana na kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Walihesabu maisha yao kwa kipande, kadi iliyoandikwa siku za kazi, ambayo bila kujaa mtu hakupata mshahara wake. Na walioandikishwa mikoa ya mbali na kusafirishwa kwa makundi, kazi iliyofanywa tangu mwaka 1944 na chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichojulikana kama SILABU, waliitwa manamba. Neno hilo limetoka katika neno la Kiingereza la namba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Tuyaweke majina hayo upande kwa upande. Tajiri alisema: mfanyakazi "free". Mfanyakazi alisema: karatasi, kadi, namba. Kama vile katika mpira wa adhabu, kila mmoja alilitaja tendo lile kutoka mahali aliposimama. Hakuna profesa aliyewafundisha wakata mkonge uchambuzi wa kitabaka, lakini Kiswahili chao kiliufanya.

Biashara "free" na dola "free"

Uingereza haikuzaliwa ikihubiri biashara huria. Mwaka 1700, na tena mwaka 1721, bunge lake lilipiga marufuku nguo za pamba kutoka India ili kuwalinda wafumaji wake. Ni baada ya viwanda vyake kukomaa ndipo ilipofuta sheria za kulinda nafaka, mwaka 1846, na kuanza kuyahubiria mataifa mengine kwamba ushuru ni dhambi. Kabla ya hapo, katika vita ya mwaka 1839 hadi 1842, ilikuwa imekwisha kutumia manowari kuilazimisha China ifungue bandari tano na kuiachia Hong Kong. Wafanyabiashara wa kasumba waliidai vita hiyo kwa jina la uhuru wa biashara.

Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 nao ulitangaza uhuru wa biashara katika bonde la Kongo. "Bonde" hilo lilichorwa kwa ukarimu mkubwa, kwani lilivuka maziwa na kufika hadi mwambao wa Bahari ya Hindi, na nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ikaingizwa ndani yake. Katika meza ile hakukaa mwakilishi hata mmoja wa Afrika. Uhuru uliotangazwa ulikuwa wa mataifa yale kutobaguana wao kwa wao katika kuuza na kununua ndani ya nchi za wengine.

Kutokana na mapatano ya wakati huo Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alijipatia nchi ambayo Waingereza waliita "Congo Free State". Ilidumu kwa jina hilo hadi mwaka 1908, Ubelgiji ilipoichukua. Ndani ya dola hilo lililoitwa "free", ardhi iliyodaiwa kuwa haina mwenyewe ilifanywa mali ya dola, na mpira na pembe zilizotoka humo zikafanywa mali ya dola pia. Wanakijiji walipangiwa viwango vya mpira. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao watimize viwango, na watu walikatwa mikono. Hata uhuru wa biashara wenyewe ulikufa, kwa kuwa wafanyabiashara wengine walifungiwa mlango. Kilichobaki "free" kilikuwa mkono wa mfalme.

Baada ya Vita Kuu ya Pili lilizuka jina la "ulimwengu huru". Ureno ya Salazar, nchi ya udikteta, ilikuwa miongoni mwa waasisi wa NATO mwaka 1949, na kwa hiyo ikahesabiwa ndani ya ulimwengu huo, hali majeshi yake yakipigana kuwazuia watu wa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji wasiwe huru. Kada aliyesoma maneno hayo wakati ule alihitaji swali moja tu: huru kufanya nini?

Ardhi, soko na kangomba

Ardhi ina neno lake, "freehold". Katika historia ya Uingereza lilikuwa na maana ya ardhi iliyoshikwa na mtu huru, tofauti na ile ya mtu aliyefungwa kwa bwana. Baadaye likaja kuwa na maana ya ardhi ambayo mwenyewe anaimiliki milele na anaweza kuiuza atakavyo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Mali ya Taifa kupinga ardhi ya Tanganyika igeuzwe bidhaa ya namna hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi ya maskini, uhuru wa kuuza ardhi ni uhuru wa wachache kuinunua yote na kuwageuza wengine wapangaji. Mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo ulifutwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inashikilia kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais.

Kuhusu soko, nchi yetu iliingia katika mageuzi ya uchumi katikati ya miaka ya 1980, na mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifikiwa mwaka 1986. Msamiati wa soko huria ukaenea. Hatusemi kwamba kila kilichokuwapo kabla yake kilikuwa chema. Wapo wakulima waliokopwa mazao yao na vyama vya ushirika na mamlaka za mazao, wakangoja malipo msimu baada ya msimu. Mkulima aliyeshangilia kuondoka kwa mnunuzi mmoja asiyelipa alikuwa na sababu yake. Huo ulikuwa uhuru wa kweli wa kuondokana na kitu, na kada anayeukana hatasikilizwa kijijini.

Lakini mkulima yule alibaki na swali la pili. Huko Kagera kuna butura, yaani kahawa inayouzwa ingali changa mtini. Huko Mtwara na Lindi kuna kangomba, yaani korosho zinazouzwa nje ya utaratibu rasmi, kwa kipimo na kwa bei ya mnunuzi. Hakuna askari anayemshurutisha mkulima kuuza hivyo. Serikali imepiga marufuku mambo hayo, na stakabadhi ghalani ilianzishwa kwenye korosho mwaka 2007 ili mkulima auze kwa mnada. Lakini mtoto anapougua au shule inapofunguliwa kabla ya mavuno, mkulima huenda mwenyewe, kwa miguu yake, kwa mwenye fedha taslimu. Mkataba wao umefungwa kwa hiari. Mmoja anaweza kungoja miezi sita, mwingine hawezi kungoja hadi Ijumaa. Kwa hiyo soko linaweza kuwa huria bila mkulima kuwa huru. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ingeonekana kujipinga yenyewe. Kwa Kiswahili inasemeka vizuri na inaeleweka.

Bure

Imebaki maana ya "free" inayohusu malipo. Kiswahili kina neno "bure", nalo lina tahadhari ndani yake: bure ni kisicho na malipo, na bure pia ni kisicho na faida. Mtu amehangaika bure. Maneno yake ni bure. Ndiyo maana serikali hupendelea kusema elimu bila malipo kuliko elimu ya bure. Uchaguzi huo ni sahihi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, ikaja kurudi, ikafutwa tena mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 utaratibu wa kutolipa ada ukafika kidato cha nne. Walimu walilipwa na majengo yalijengwa katika vipindi vyote hivyo. Kilichobadilika ni nani analipa: mzazi mmoja mmoja mlangoni mwa shule, au wananchi wote kwa kodi zao. Kuita jambo hilo bure ni kumfanya mwananchi aone amepewa zawadi, na mtu aliyepewa zawadi haoni haki ya kuuliza kwa nini darasa halina madawati.

Hata waandishi wa programu za kompyuta wamekutana na tatizo hili. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alianzisha mradi wa kutengeneza programu ambazo mtumiaji ana haki ya kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Akaziita "free", na tangu hapo yeye na wenzake wamelazimika kueleza tena na tena kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Kwa Kiswahili hapakuwa na haja ya maelezo hayo: programu huru ni kitu kimoja, programu ya bure ni kitu kingine. Simu zetu leo zimejaa programu za bure ambazo si huru hata kidogo. Wenye kuzitoa huchukua habari za mwenendo wetu na kuzitumia kuwauzia wenye matangazo nafasi ya kutufikia. Malipo yapo, ila hayapiti dirishani.

Maswali matatu ya kada

Tunapendekeza kwamba kila tunapolikuta neno "free" katika mkataba, kitabu au hotuba, tusiandike tafsiri kabla ya kuuliza maswali matatu.

Kwanza: huru kutokana na nini, na huru kufanya nini? Ikiwa sentensi haitaji hata kimoja, haijasema kitu.

Pili: ni nani aliye huru? Ni mtu, ni bidhaa, au ni fedha? Bidhaa ikiruhusiwa kuvuka mpaka, haina maana kwamba aliyeitengeneza naye ameruhusiwa.

Tatu: ikiwa ni bure, nani analipa, na analipa lini?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayochagua kati ya huru, huria, bure, wazi na mikono mitupu. Kazi hii isionekane kuwa ya wanaisimu peke yao. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wito ulikuwa Uhuru na Kazi. Katika Uhuru na Maendeleo, mwaka 1968, Mwalimu alieleza kwamba mambo hayo mawili yanategemeana kama kuku na yai. Katika kauli hizo uhuru haukuachwa usimame peke yake. Uliandamana na jambo la kuujaza. Nasi tukiwafundisha wengine tufanye hivyo hivyo, ili mwananchi akiambiwa yuko huru aweze kuuliza kutokana na nini, na kufanya nini.